Ndani ya Nyumba Hakuna Mvua

Leo hatutoki nje. Tunabaki jikoni, dirishani juu ya sinki ambapo mtu ameweka kopo la mnanaa, na kwenye kibaraza cha ghorofani kilichopangwa vyungu vya mrehani, kotmiri, zaatari na rozimari, pengine na mchaichai ndani ya ndoo iliyokatika mpini. Wenzetu wa Kenya hiyo kotmiri wanaiita dania, na wengine huku bara wanaiita giligilani. Mmea ni uleule na wadudu wake ni walewale.

Bustani hizi za ndani zimeenea mijini kwa sababu iliyo wazi. Watu wanaishi katika nyumba zisizo na ua, na fungu la kotmiri la sokoni linanyauka mapema mno. Chungu kimoja kinachotunzwa vizuri kinaondoa adha hiyo. Ila baada ya muda huja malalamiko, na ninayoyasikia mara nyingi ni haya: majani ya mrehani yamejikunja, kuna vitu vyeupe vya pamba pamba kwenye vikonyo vya rozimari, kila nikimwagilia mnanaa, vijinzi vinaruka vinaniingia machoni. Kisha linafuata swali moja, karibu kwa maneno yaleyale: nipulizie dawa gani?

Mimi huomba swali hilo lisubiri. Mmea tunaouzungumzia ni wa kuliwa, na aghalabu huliwa bila kupikwa. Mahindi yanamenywa na kukobolewa, maharage yanachemshwa hadi yaive, lakini mnanaa unachumwa, unasuuzwa kidogo, unatumbukizwa kwenye kikombe cha chai ambacho pengine atakinywa mtoto. Chochote ulichopuliza juu ya jani hilo jana, leo umekiandaa mezani. Kwa hiyo kabla ya dawa kuna maswali mawili: huyu ni mdudu gani, na kwa nini amestawi hapa kwangu?

Nianze na hilo la pili, maana ndilo watu wanaloliruka.

Shambani kidukari, mdudu mdogo anayenyonya utomvu, haishi kwa raha. Mvua ya masika inampiga na kumwangusha, na wengi wakishaanguka hawarudi tena juu ya mmea. Kuna mdudu mdogo wa duara, mwekundu mwenye madoa meusi mgongoni, ambaye yeye na watoto wake wanakula vidukari makumi kwa makumi kila siku. Kuna buibui. Kuna nyigu wadogo kuliko punje ya mchele, wanaotaga mayai ndani ya mwili wa mdudu mwingine ili watoto wao wamle kutokea ndani. Ukihamishia mmea sebuleni, umeuhamisha pamoja na mdudu mmoja au wawili waliojificha chini ya jani, lakini wawindaji wao wote umewaacha nje, na mvua pia umeiacha nje.

Afrika ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo, ndugu wa wale wadudu weupe wa pamba pamba, aliingia barani kutoka Amerika Kusini. Alionekana kwanza maeneo ya Kongo, kisha akaenea nchi hadi nchi akidumaza mihogo inayolisha mamilioni ya watu. Huko alikotoka kulikuwa na nyigu mdogo aliyemdhibiti. Huku nyigu huyo hakuwapo. Watafiti walimfuata nyigu hadi Paraguay, wakamzalisha kwa wingi na kumwachia mashambani, na muhogo ukainuka tena katika nchi nyingi bila kutegemea sumu. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Aliongoza pia ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ambacho Profesa Thomas Odhiambo alikianzisha mwaka 1970.

Vidung'ata wa kwenye rozimari yako ni wa aina nyingine, lakini sababu ya kustawi kwao ni hiyohiyo: hakuna anayewala. Kazi ya mvua na ya wawindaji imebaki mikononi mwako, na ukiikubali kazi hiyo, mara nyingi dawa haihitajiki kabisa.

Sasa tuwatambue. Washa taa ya simu, inamisha chungu, geuza jani. Wengi wao wanakaa upande wa chini wa jani na kwenye vichipukizi, na mtu anayetazama mmea wake kutoka juu tu atawagundua wakiwa wameshajaa.

Vidukari, ambao wakulima wengi wa Tanzania wanawaita wadudu mafuta, ni wadogo, laini, wa kijani, weusi au wa manjano, wamesongamana kwenye ncha changa. Katika joto letu jike hahitaji dume. Anazaa watoto hai, wote wa kike, na kila mtoto anazaliwa akiwa tayari amebeba viini vya watoto wake mwenyewe. Baada ya siku 7 hadi 10 naye anaanza kuzaa. Ndiyo maana mtu anakuapia kwamba wiki iliyopita hawakuwapo. Walikuwapo, wawili watatu, na jani halikugeuzwa.

Kidukari ananyonya utomvu wenye sukari nyingi kuliko anayoihitaji, na ziada anaitoa kwa umbo la umande unaonata. Sisimizi wanaupenda umande huo kiasi cha kuwalinda vidukari dhidi ya maadui zao. Kwa hiyo ukiona msururu wa sisimizi unapanda chungu, usihangaike nao kwanza. Ufuate uone unaishia wapi. Utakuonyesha walipo vidukari au vidung'ata haraka kuliko macho yako. Na ukikuta juu ya majani utando mweusi wa masizi masizi, hiyo ni kuvu iliyoota kwenye umande huo. Inafutika kwa kitambaa na maji.

Utitiri mwekundu ni habari nyingine, na kwangu ndiye mbaya kuliko wote ndani ya nyumba. Ana miguu minane, ni jamaa wa buibui, na urefu wake haufiki hata milimita moja. Utaona alichofanya kabla ya kumwona mwenyewe: jani limejaa vidoa vilivyopauka, kisha linageuka rangi ya shaba, na chini yake pana utando mwembamba. Chukua karatasi nyeupe, gonga tawi juu yake, subiri kidogo. Vumbi likianza kutembea, ndiye. Anapenda joto na ukavu. Katika nyuzi joto 30 anatoka yai hadi utu uzima kwa muda wa wiki moja hivi. Dodoma wakati wa kiangazi anashamiri, na vilevile katika chumba chenye kiyoyozi Dar es Salaam au Muscat, na katika nyumba yenye hita Toronto wakati wa baridi, kwa sababu hewa ya humo imekauka. Na kwa kuwa si mdudu kamili, dawa nyingi za wadudu hazimuui. Zinawaua wanaomla, naye anabaki akiongezeka. Mtu anapuliza, anaona hali inazidi, anapuliza tena, na hajui kwamba anamsaidia.

Vidung'ata ni hao wa pamba pamba. Wanakaa kwenye makutano ya jani na shina, hawana haraka, na wakiwa wachache ni rahisi mno kuwaondoa: chovya pamba kwenye spiriti ya asilimia 70, ile ya kusafishia vidonda, mguse mmoja mmoja. Spiriti inayeyusha nta inayowafunika. Rudia baada ya siku chache, kwa sababu mayai yao yamefichwa ndani ya pamba hiyo.

Inzi weupe utawajua ukitikisa mmea: wanaruka kama majivu yaliyopulizwa, kisha wanarudi palepale. Ni wa ukoo uleule unaoeneza magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia kwenye muhogo. Ndani ya nyumba unawapunguza kwa kadi ya njano iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka, ukiisimamisha karibu na mmea. Rangi hiyo inawavuta, wananasa.

Wale vijinzi weusi wanaoruka kutoka kwenye udongo ndio wanaowaudhi watu zaidi, ingawa madhara yao ni madogo kuliko ya wote niliowataja. Kijinzi mzima haumi wala hali mmea. Tatizo ni mabuu yake, yanayoishi katika sentimita chache za juu za udongo uliolowa, yakila kuvu na mizizi michanga, na kwenye miche midogo ya kotmiri yanaweza kuua. Lakini mabuu hayo hayaishi kwenye udongo mkavu. Kwa hiyo tiba yake ni kuacha kumwagilia kwa mazoea. Chomeka kidole hadi kiungo cha kwanza. Kukiwa na unyevu, ondoka, rudi kesho. Hakikisha chungu kina matundu chini, na usiweke samadi ambayo haijaoza vizuri. Kijinzi mzima anaishi wiki moja hivi tu, na udongo wa juu ukikauka kila mara kabla ya maji mengine, kizazi kinakatika chenyewe katika muda wa mwezi.

Nimekuja sasa kwenye tiba kwa wale wengine, na tiba ya kwanza ni maji. Funika udongo kwa mfuko wa plastiki, ufunge kuzunguka shina ili udongo usimwagike. Laza chungu bafuni, au kiinamishe chini ya bomba, na uoshe majani kwa maji yenye nguvu ya wastani, hasa upande wa chini, huku mkono wako ukiyashikilia yasivunjike. Vidukari na utitiri wanakwenda na maji. Fanya asubuhi ili majani yakauke mchana. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa, rudia kila baada ya siku mbili au tatu kwa wiki mbili. Maji hayaondoi mayai yote ya utitiri, na kidukari mmoja aliyebaki anatosha kuanza upya. Anayeosha mara moja na kupumzika amewapunguza tu kwa wiki moja.

Tiba ya pili ni mkasi. Mnanaa ukishambuliwa sana, ukate wote hadi karibu na udongo, ubaki vidole viwili, na majani uliyokata uyafunge kwenye mfuko uyatupe nje ya nyumba. Najua moyo unasita. Lakini mnanaa una mashina yanayotambaa chini, na ndani ya wiki chache unarudi na majani masafi. Mrehani ukate vichwa, uache majozi mawili ya majani chini. Kotmiri sikushauri uitibu hata kidogo. Maisha yake ni mafupi, katika joto la pwani inakimbilia kutoa maua, na muda utakaotumia kuipigania unatosha kuotesha nyingine. Rozimari na zaatari ni za kudumu na mashina yake ni ya mti mti, hazipendi kukatwa mpaka chini. Hizo ndizo zinazostahili subira yako.

Maji na mkasi visipotosha, kuna sabuni. Nasema sabuni halisi, ya mche, isiyo na manukato. Sabuni ya unga ya kufulia na ile ya maji ya kuoshea vyombo zimetengenezwa kwa kazi ya kuondoa mafuta, na zinaunguza jani kwa sababu jani nalo lina nta yake. Kwaruza kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, koroga hadi iyeyuke, jaribu kwanza kwenye jani moja au mawili, subiri hadi kesho yake. Mmea ukivumilia, puliza jioni, chini ya majani, hadi kila mdudu alowe, kisha suuza kwa maji safi. Sabuni inamuua mdudu inayemgusa ikiwa bado mbichi. Ikikauka haina kazi tena, na kwenye mmea wa kula hilo ni jambo jema.

Mafuta ya mwarobaini nayo yana sifa ya haki. Mwaka 1959 huko Sudan, mtafiti wa Kijerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wametua na kula kila kitu isipokuwa miarobaini, na kutoka hapo dunia ya sayansi ikaanza kuuchunguza mti ambao watu wa huku na wa India walikuwa wakiutumia siku nyingi. Kilichomo ndani yake kinamkatisha mdudu hamu ya kula na kumzuia kujivua gamba, kwa hiyo anakufa polepole. Usitegemee kuona maiti kesho yake. Lakini uchungu wake unabaki kwenye jani. Ukiyatumia mafuta hayo kwenye mnanaa, yatumie baada ya kukata majani yote ya kula, na usubiri majani mapya. Na chupa yenyewe iweke mbali na watoto, kwa maana mafuta hayo yakinywewa yanadhuru.

Msikilizaji, hapa naomba uongeze sauti kidogo, maana nakuja kwenye mambo yanayonitia hofu.

La kwanza ni maji ya tumbaku. Watu wanaloweka tumbaku usiku kucha, wanachuja, wanapuliza, na wanajisifu kwamba wametumia kitu cha asili. Ni kweli vidukari wanakufa. Wanauawa na nikotini, na nikotini ni sumu kali kwa binadamu, inapenya hata kwenye ngozi ya mikono. Haifai kuwekwa juu ya jani litakaloliwa. Tena tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoambukiza nyanya na pilipili, na wengi wetu kwenye dirisha hilohilo tuna chungu cha pilipili. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kuwa salama. Nalisema hili hata kwa pareto, ambayo tunailima wenyewe Nyanda za Juu Kusini na Kenya. Pareto huvunjika haraka kwenye jua na ina nafuu kubwa kuliko dawa nyingine, lakini inaua samaki, na lazima itumike kwa maelekezo ya lebo.

La pili ni kopo la dawa ya mbu na mende. Mtu anaona wadudu kwenye mrehani, analichukua kabatini, anapuliza. Dawa hiyo haikutengenezwa kwa mimea ya kula. Vimiminika vilivyomo vinaweza kuunguza majani, na sumu yake utaichanganya kwenye kachumbari.

La tatu ni kubwa zaidi: dawa za kilimo zinazopimwa kwenye chupa ya soda au mfuko wa nailoni, bila jina, bila lebo. Baadhi ya viuatilifu hupenya ndani ya mmea na kusafiri na utomvu hadi kwenye kila jani. Hapo kuosha hakusaidii, kwa kuwa sumu haiko juu ya jani. Imo ndani yake. Imidacloprid ni mojawapo, na mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kutumika mashambani nje ya nyumba za kioo kwa sababu ya madhara yake kwa nyuki. Kila kiuatilifu kilichosajiliwa kinapaswa kuwa na lebo inayotaja zao linaloruhusiwa na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mnanaa wako unauchuma kila siku, huna siku za kusubiri. Tanzania ina mamlaka ya kusimamia jambo hili, TPHPA yenye makao makuu Arusha, na anayeona dawa zisizo na lebo zinauzwa sokoni anayo haki ya kuripoti.

Yapo na ya kinga, nayapitia haraka. Mche mpya kutoka kwa wauza miche wa barabarani ukae peke yake, chumba kingine, kwa wiki mbili kabla haujasogezwa karibu na wenzake. Wadudu wengi wanaingia nyumbani kwa njia hiyo. Mbolea ya urea usiizidishe, kwa sababu inatoa majani laini yenye utomvu mwingi, ambayo vidukari wanayatafuta. Mmea upate jua kwa muda wa saa nne hadi sita kila siku. Uliodhoofika kwa giza hautapona kwa dawa yoyote. Vumbi la majani lifutwe. Na kisahani cha chini ya chungu kimwagwe maji kila baada ya kumwagilia. Wapo wanaokiacha na maji makusudi ili sisimizi wasivuke. Maji hayo ni mazalia ya mbu aina ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengi, na Dar es Salaam imeshapata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Bora sisimizi.

Namalizia na ombi kwa msikilizaji ambaye amekwisha kupuliza kitu asichokijua jina. Usichume tena kwenye chungu hicho, hata kama majani yamependeza na wadudu wamekwisha. Ng'oa mmea, toa udongo wote, usiupandie mboga nyingine, osha chungu kwa sabuni, uanze upya. Hasara ni ndogo. Mbegu za kotmiri zinauzwa kwa muuza viungo, na zikipata unyevu huota ndani ya wiki moja hadi tatu. Kipande cha shina la mnanaa kikiwekwa kwenye glasi ya maji dirishani kinatoa mizizi ndani ya wiki mbili.